Pacha wa Waziri

Siku Adolf alipofika na wapimaji, Yunisi Butoyi alikuwa ameinama juu ya kichanja akigeuza dagaa. Kwanza aliona viatu, viatu vya mjini vilivyojaa mchanga, na alipoinua uso akamwona mmoja wa wageni akigongelea kigingi chenye rangi nyekundu katikati ya vichanja vyake, pale pale anapopita kila asubuhi na beseni kichwani.

"Shikamoo dada," alisema Adolf. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Yunisi, mtu wa hamsini na kitu, mpole wa sauti.

"Marahaba. Hawa ni nani?"

"Wageni. Wanapima tu."

"Wanapima nini?"

Adolf alitazama ziwani kama vile jibu lingetoka huko. "Dada, tusivutane mbele ya wageni. Ukoo umekaa. Eneo hili la chini, kuanzia kijito hadi kule kwenye mawe, atapewa mwekezaji. Atajenga hoteli ya watalii wanaokuja Gombe kuangalia sokwe. Vijana wa Mwamgongo watapata kazi."

"Ukoo umekaa lini? Mimi nilikuwa wapi?"

"Wamekaa wanaume, dada." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesema jua limechomoza.

Yunisi alijifuta mikono kwenye kitenge. "Na Bukuru amesemaje?"

"Mheshimiwa ameridhia. Nimeongea naye mwenyewe kwa simu."

Hapo Yunisi akarudi kwenye dagaa wake. Mpimaji akahamia kichanja cha pili, na mlio wa nyundo ukasikika hadi kwa jirani yake Ashura, naye akaacha kuanika akasimama kutazama.

Kwa Waha, mapacha hawapewi majina kwa kuchaguliwa; wa kwanza kutoka ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Bukuru wa nyumba ile sasa alikuwa Mheshimiwa Feliksi Bukuru, mbunge na Waziri kamili. Alianza kwa kufundisha shule ya msingi, akawa katibu wa chama, kisha mkuu wa wilaya. Huko alifunga vilabu vya pombe saa za kazi, na wenye sketi fupi aliwarudisha kwenye lango la ofisi wakabadilishe. Wengine walimcheka, wengine wakamwombea dua. Alipanda akawa mkuu wa mkoa, akagombea ubunge, akapewa unaibu waziri na hatimaye wizara yake mwenyewe, na katika ngazi zote hizo hakuna aliyewahi kumtaja kwa rushwa. Watu walimwita Mzee wa Mila. Ilipoletwa hoja bungeni kwamba sheria za mirathi zitazamwe upya, ni yeye aliyesimama kuizuia kwa niaba ya Serikali. "Mheshimiwa Spika," alisema, "mtoto wa kike ana mlango wake kwa mumewe. Tusimtobolee ukuta wa kaka yake tukadhani tumempa nyumba."

Wabunge walipiga meza. Yunisi alisikia makofi hayo redioni, akiwa na wanawake wenzake pale pale ufukweni, na wote waligeuka kumtazama. Walijua kwamba mlango wake kwa mumewe ulikuwa Kagunga, na kwamba mume alipokufa mashemeji waliufunga. Baba yake ndiye aliyempokea na watoto wake wawili, akamwonyesha eneo la chini la shamba, toka kiinuko cha makaburi hadi ufukweni. Alilima, akaanika dagaa, akamuuguza baba mpaka mwisho.

"Anaongea vizuri," alisema siku ile. "Tangu utoto wake anaongea vizuri."

Asubuhi baada ya vigingi kugongwa alifunga dagaa wakavu kwenye kitenge, akapanda boti ya abiria na kwenda Kigoma.

*

Mlinzi wa nyumba ya Waziri alikuwa askari kijana mwenye kupiga miayo. Alimtazama Yunisi tangu kandambili hadi kilemba.

"Mama, una miadi na Mheshimiwa?"

"Sina miadi. Nina pacha."

Kijana alitaka kucheka, kisha akauangalia vizuri uso ule: paji pana, macho yaliyoingia ndani, kidevu kama kimechongwa. Alikuwa anauona kila siku kwenye kalenda iliyotundikwa nyuma yake. Akafungua geti.

Uwanjani viti vya plastiki vilijaa watu wenye shida zao. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kura za maoni ndani ya chama zilikuwa zimekaribia. Magari yaliingia na kutoka. Rozalia, mke wa Waziri, alitoka barazani akamkumbatia kwa mikono miwili, lakini kwa mbali kidogo.

"Wifi yangu! Mwakeye. Ungepiga simu tukutumie gari bandarini Kibirizi."

"Mwakeye," Yunisi aliitikia salamu ya Kiha. "Simu ingesema nini, wifi? Nimekuja mwenyewe."

"Karibu, karibu. Ila sebuleni kuna wazee wa chama. Tupite huku nyuma." Alipokea kile kifurushi cha dagaa, akasita, akamkabidhi msichana wa kazi. "Waweke nje kwenye kibaraza, harufu isije ikaingia kwenye makapeti."

Kwa hiyo Yunisi aliketi jikoni kwenye stuli. Alipewa chai ya maziwa na maandazi. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu alisikia sauti ya kaka yake ikipanda na kushuka sebuleni, na kila ilipotua, watu walicheka au waliguna pale inapostahili. Alikunywa chai ikaisha, akaongezewa, nayo ikapoa.

Feliksi alikuja mwenyewe. Aliingia jikoni akiwa na suti, akavuta stuli nyingine, akaketi magoti yakikaribia kugusana na ya dada yake. Msichana wa kazi akatoka mbio.

"Butoyi."

"Bukuru."

"Najua kilichokuleta. Adolf amenipigia." Alimshika mkono. "Sikiliza. Mimi sikunyang'anyi. Magoti yako yamechoka, nayajua kwa kuwa na yangu yamechoka. Kasingirima, hapa mjini, nina kiwanja. Nitakujengea nyumba ya vyumba vitatu, umeme ndani, maji ndani. Hutainama tena juu ya vichanja."

"Nyumba hiyo itakuwa ya nani?"

"Yako. Nakupa."

"Na ardhi ya kwa baba?"

"Ya kwa baba ni ya ukoo."

"Mimi nani alinizaa? Mama alikuzaa wewe, akapumzika, halafu ukoo mwingine ukaja kunizaa mimi?"

Feliksi alitabasamu bila kutaka, kisha tabasamu likaondoka. "Usinifanyie mzaha. Wewe unafikiri ni suala la kura. Ni kweli, wazee wa ukoo wananiunga mkono, na wana watu. Lakini hata bila kura, fikiria. Nimesimama bungeni nchi nzima ikinisikia. Nikimwachia dada yangu shamba kwa haki, kesho nitamwambia nini mtu wa Kakonko? Kwamba mila ni ya dada zao, si ya dada yangu? Kiongozi wa namna hiyo ni mwizi, hata kama hajaiba."

Yunisi alikuwa amejiandaa kukutana na mtu mwongo, na ingekuwa rahisi zaidi.

"Nimekuelewa," alisema. "Basi nitakwenda baraza la ardhi la kijiji."

"Unishtaki mimi?"

"Namshtaki Adolf. Vigingi ni vya Adolf. Wewe nitakuita uje useme."

"Mwaka huu? Butoyi, mwaka huu?"

"Vigingi navyo vimekuja mwaka huu."

Feliksi alisimama, akanyoosha koti. Kutoka sebuleni mtu alikuwa akimwita. "Nikija," alisema, "nitasema ninachokiamini. Sitakuonea huruma kwa kuwa tulilala tumbo moja."

"Njoo tu."

Rozalia alimsindikiza hadi kwenye gari la kumrudisha bandarini. Kabla ya kufunga mlango aliinamia dirishani, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikawa ya mtu wa nyumbani.

"Wifi, akianguka yule tunaanguka wote. Watoto wako niliwasomesha mimi. Unajua?"

"Najua, wifi. Silisahau hilo hata siku moja."

Gari lilipoondoka, harufu ya dagaa ilibaki kwenye mikono yake, na dereva akashusha kioo taratibu ili asimwaibishe.

*

Kijijini habari zilishatangulia. Katika kanisa, mzee mmoja alimsimamisha mlangoni akamshauri amwachie Mungu. Mke wa Adolf, ambaye walikuwa wakigawana chumvi, akaanza kupita njia ya mbali. Mnunuzi wa dagaa kutoka Ujiji alichagua wa Ashura, wa Yunisi akasema atawaona safari ijayo. Labda ilikuwa bahati tu, labda sivyo.

"Mimi ningekubali nyumba," Ashura alimwambia waziwazi wakiwa wanafunika dagaa kabla ya mvua. "Umeme ndani! Ungetazama hata tamthilia."

"Na mimi nimeiwaza. Nimeiwaza mpaka nimepanga pa kuweka kitanda."

"Sasa?"

"Nyumba ya kupewa, Ashura, akifa aliyekupa, watoto wake watakuuliza wewe ni nani. Kagunga niliulizwa hivyo. Sitaki kuulizwa mara ya pili, na safari hii na watoto wa Bukuru ambao nimewabeba mgongoni."

Ashura alikaza kamba ya turubai. "Lakini atakuja kukusemea vibaya. Anajua kusema yule."

"Atasema mila," alijibu Yunisi. "Mila anaipenda. Lakini kuna kitu kimoja hawezi. Ukimuuliza jambo uso kwa uso, hawezi kudanganya. Atanyamaza, au atasema kweli. Na mbele za watu hawezi kunyamaza."

*

Baraza lilikaa katika darasa la shule, kwa sababu ofisi ya kijiji isingetosha. Watu walijaa hadi madirishani. Waziri alishuka kwenye boti ya mwendo kasi na wasaidizi wawili; akinamama walipiga vigelegele, na yeye akawasalimia wazee mmoja mmoja kwa majina yao. Alimsalimia Yunisi pia, kwa mkono, kama alivyowasalimia wengine.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Saad, mfanyabiashara wa mawese ambaye babu zake walitoka Ujiji. Mtu wa kusikiliza kuliko kusema. Alimpa Adolf nafasi. Adolf alieleza kuhusu ukoo, hoteli na ajira. Mzee mmoja wa ukoo alithibitisha kwamba tangu enzi za mababu ardhi hupita kwa wanaume. Yunisi alieleza kwa kifupi: baba alimpa eneo lile akiwa hai, amelitumia miaka yote, na hakuna aliyekuja kumuuliza kabla ya kugonga vigingi.

"Mheshimiwa," Mzee Saad alisema kwa heshima, "wewe ndiye mtoto wa kiume. Tunaomba hekima yako."

Feliksi alisimama. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema ukoo ni kama wavu wa dagaa: tundu moja likipanuka, samaki wote wanapita. Alisema hamchukii dada yake, tena amemwandalia makazi bora. Alisema taifa lisilo na mila ni kundi la watu waliokutana bandarini. Vichwa viliitikia darasani. Hata wanawake wengine waliitikia.

Alipoketi, Yunisi aliinua mkono.

"Mwenyekiti, naomba kumuuliza swali shahidi."

"Uliza, mama."

Alisimama, akashikilia dawati kwa sababu ya magoti. Hakumwita Bukuru. "Mheshimiwa Waziri, umetueleza mila na tumekusikia. Mimi sikusoma sana, nilitolewa shule wewe ukaendelea, kwa hiyo nauliza wewe uliyesoma. Umekuwa mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa, naibu waziri, waziri. Kila mara umeshika Biblia ukaapa kuzilinda sheria. Sasa nisaidie. Sheria ya ardhi ya vijiji inasemaje, pale mila inapomnyima mwanamke ardhi?"

Msaidizi mmoja wa Waziri alijiinua haraka kumnong'oneza. Feliksi alimzuia kwa kiganja. Adolf alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama kamba ya boti ikifunguka.

Angeweza kusema kwamba yeye si mwanasheria, au kwamba suala hilo ni pana na linahitaji muda. Maneno ya namna hiyo aliyajua mengi, na aliwahi kuwasikia mawaziri wenzake wakiyatumia. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akairudisha.

"Inasema," alijibu, na sauti haikuwa tena ya jukwaani, "kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, au ya kuitumia, haina nguvu."

Yule mzee wa ukoo alitega sikio. "Mheshimiwa, hebu rudia."

"Haina nguvu, mzee."

"Na wewe unakubaliana nayo?"

"Sikubaliani nayo. Ningekuwepo ilipotungwa, ningeipinga mpaka mwisho. Lakini imetungwa, na mimi nimekula kiapo. Niliwafukuza kazi watu kwa kutofuata sheria wasizozipenda. Siwezi leo kuchagua sheria kama mtu anayechagua samaki sokoni."

Mzee Saad aliandika kitu, akavua kofia, akaivaa tena. Baada ya hapo hakukuwa na mengi ya kujadili. Baraza lilisema eneo ni la Yunisi Butoyi na vigingi vitolewe, na asiyeridhika aende mbele. Adolf hakwenda mbele. Atakwenda vipi, wakati shahidi wake mkubwa ameshasema?

Yunisi alimkuta kaka yake ufukweni, boti ikiwa imewashwa.

"Ulijua nitajibu," alisema Feliksi bila kugeuka.

"Nilijua."

"Ungeniuliza swali hilo jikoni kwangu, ningekujibu vile vile."

"Jikoni lingebaki jikoni, Bukuru."

Hakumuaga. Aliingia kwenye boti, akaketi mbele peke yake, na msaidizi akamfunika miguu kwa turubai.

*

Kura za maoni zilipigwa, na Feliksi Bukuru akashika nafasi ya tatu. Wazee walikuwa wamepita vijiji vyote vya ufukweni na neno moja: ameuza ukoo kwa dada yake. Wale waliokuwa wakimpinga kwa ajili ya hotuba zake za bungeni nao hawakumpigia; kwao alikuwa yule yule Mzee wa Mila. Alipoteza wa huku na wa huko. Serikali mpya ilipoundwa, Yunisi alisikiliza majina ya mawaziri redioni tangu la kwanza hadi la mwisho, akaizima.

Yaliyofuata alisimuliwa. Gari la Serikali lilirudishwa. Askari wa getini akapangiwa kwingine. Katika harusi ya mtoto wa mkubwa mmoja mjini, Feliksi na Rozalia walielekezwa viti vya nyuma, karibu na spika, na wakakaa mpaka mwisho ili isionekane wamekasirika. Yunisi alimtumia dagaa bora kwa mtu wa boti, safari ya kwanza na ya pili. Dagaa walipokelewa. Jibu halikuja. Hakujutia shamba, lakini kulikuwa na siku alikaa mbele ya chakula chake akashindwa kukila.

Mvua za masika zilikuwa zimeisha alipomwona akishuka kwenye boti ya abiria, katikati ya magunia na kuku, suruali ameikunja, viatu mkononi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Watoto walimwamkia kama wanavyomwamkia mzee yeyote, naye akaitikia.

"Umekonda," Yunisi alimwambia.

"Wewe umenenepa. Shamba limekukubali."

Alimpa maji ya kunawa. Alisonga ugali wa muhogo, akakaanga dagaa kwa mawese na pilipili, wakala kwenye sahani moja kwa sababu ndivyo walivyozoea. Feliksi alikula sana. Alizungumzia magoti, akazungumzia Rozalia ambaye ameanza kufuga kuku wa mayai na anawafokea kama madiwani. Uchaguzi hakuutaja. Alipomaliza aliinua macho kwenye kiinuko nyuma ya nyumba, penye michikichi.

"Nimekuja na ombi," alisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ila mtu hupanga." Alikohoa. "Wazee wetu wamelala pale juu. Mtu wa kwetu huzikwa kwa baba yake. Nimefanya kazi mikoa mingi, na kote nilijua nitarudi pale. Sasa juzi nimekaa nikafikiri: pale si kwangu. Ni kwako. Siwezi kuja tu nikiwa kwenye jeneza kama mtu anayevamia." Alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama alivyokuwa akikaa mbele ya wakubwa wake. "Naomba mahali pa kuzikwa, Butoyi."

Yunisi aliliacha ombi litue. Halikuwa jambo la kulikatiza kwa kicheko wala kwa machozi.

"Kulia kwa baba pana nafasi," alisema. "Ni yako. Nitawaambia watoto, na nitamwambia Mzee Saad, ili nikitangulia mimi asije mtu akakuuliza."

"Asante."

"Na mimi nitalala upande wa pili, karibu na mama."

Feliksi aliinua kidole. "Lakini kwa mila zetu mwanamke huzikwa kwa—" alianza, kwa ile sauti ya jukwaani, kisha akakutana na macho ya pacha wake. Kidole kilibaki hewani kidogo. Akakishusha, akaokota chembe ya ugali iliyoanguka kwenye mkeka, akaiweka pembeni ya sahani.

"Lakini shamba ni lako," akamalizia.